Fowili kwenye kona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Haya ni maswali kuhusu fowili, yaani mfumo wa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne, yanayorudiwa gereji, vijiweni na kwenye foleni ya kivuko. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa swali la kusoma. Herufi 2H, 4H na 4L ni zile zilizoandikwa kwenye gia ya fowili au kwenye swichi ya magari mengi. Kama lako limeandikwa H2, H4 na L4, maana ni ileile.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini gari likiwa kwenye fowili linakuwa zito kukata kona kwenye lami?

Kwa sababu kwenye kona hakuna matairi mawili yanayopita njia moja. Kwamba tairi la nje husafiri mbali kuliko la ndani, wengi wanajua. Linalosahaulika ni kwamba matairi ya mbele, yakichukuliwa pamoja, husafiri mbali kuliko ya nyuma. Angalia alama kwenye uwanja wa vumbi baada ya gari kugeuza: za nyuma zimekata ndani ya zile za mbele.

Chukua pikapu yenye mita 3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma (Hilux za kizazi cha sasa zimezidi hapo kidogo). Igeuze nusu duara, ekseli ya mbele ikizunguka umbali wa mita 6 kutoka katikati ya duara. Mbele itatembea karibu mita 18.8, nyuma karibu mita 16.3. Tofauti ni mita 2.5, yaani zaidi kidogo ya mzunguko mzima wa tairi.

Fowili ya kawaida ya pikapu hufunga propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa, kwa hiyo hiyo mita 2.5 inatafuta pa kwenda. Ardhi ikiruhusu tairi kuteleza, tofauti inaishia palepale chini. Lami kavu hairuhusu. Basi inabaki ndani: shafti zinajikaza, meno ya difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) yanabanana, na gari linakuwa kana kwamba mtu amekanyaga breki. Ukiendelea kulazimisha, tairi moja litaruka kidogo kwa mshtuko, au kitu kitakatika.

Ndiyo maana kabla ya kugusa gia ya fowili, cha kutazama ni ardhi. Nguvu za injini ni habari nyingine.

2. Si difu ndiyo inayofanya kazi hiyo?

Difu inafanya nusu ya kazi. Ukilima na ng'ombe wawili wa jembe, mkifika mwisho wa shamba ng'ombe wa nje lazima aongeze hatua na wa ndani azipunguze, la sivyo nira itawavunja shingo. Difu ya nyuma inayaruhusu matairi mawili ya nyuma kufanya hivyo, na ya mbele vivyo hivyo.

Ila difu hizo mbili hazina la kufanya kuhusu tofauti kati ya mbele na nyuma. Kwa hiyo inahitajika difu ya tatu, ya katikati, au klachi inayoweza kuachia. Pikapu nyingi hazina. Magari mengi makubwa ya kifahari yanayo. Mabishano mengi ya kijiweni kuhusu fowili yanatokana na watu wawili kuzungumzia magari ya aina tofauti bila kujua.

3. Kwa hiyo kuna aina ngapi za fowili?

Kwa habari ya kona, aina tatu zinatosha.

Ya kwanza ni fowili ya kuingiza na kutoa. Kwenye 2H nguvu zinakwenda nyuma tu. Kwenye 4H mbele na nyuma zimefungwa pamoja kabisa. Humu ndimo ilimo Hilux ya kawaida, Land Cruiser za familia ya 70 tunazoziona kwenye miradi na hospitali, na Suzuki Jimny. Ni imara na rahisi kutengeneza, lakini haisamehe kona ya lami.

Ya pili ni fowili ya muda wote yenye difu ya katikati inayoweza kufungwa. Land Rover Defender za zamani ziko hapa, pamoja na Prado nyingi na Land Cruiser za 100 na 200. Difu ya katikati ikiwa wazi, gari linakata kona popote bila kelele. Ukiifunga, linageuka kuwa sawa na aina ya kwanza.

Ya tatu ni ya magari madogo: RAV4, X-Trail, Forester na nduguze. Mengi yanaendeshwa zaidi na mbele, na klachi huunganisha nyuma pale inapohitajika. Baadhi, kama RAV4 za mwanzo na Forester za gia za mkono, hutumia kifaa chenye kimiminika kizito ambacho hushika pale mbele na nyuma zinapozidiana mwendo. Kwenye kona za mjini hutambui hata kama ipo.

Pajero nyingi zenye Super Select zinachanganya aina ya kwanza na ya pili: 4H hutumika hata kwenye lami, ila 4HLc na 4LLc zimefungwa katikati. Mitsubishi walifanya jambo la akili hapo, na nashangaa kwa nini watengenezaji wa pikapu wamechelewa kuwaiga.

4. Nitajuaje gari langu liko kundi gani?

Angalia gia au swichi. Kama kuna 2H, kwa kawaida ni kundi la kwanza (Pajero ya swali la 3 ndiyo inayojulikana zaidi kwa kutofuata hilo). Kama hakuna 2H lakini kuna alama ya difu yenye msalaba katikati, au herufi H, HL na LL, ni kundi la pili. Kama hakuna kabisa gia ndogo (ile ya nguvu nyingi kwa mwendo mdogo), bali kitufe cha LOCK au hakuna chochote, ni kundi la tatu.

Usitegemee maandishi ya "4WD" yaliyobandikwa nyuma. Yanauzwa madukani.

## Ardhi moja baada ya nyingine

5. Lami kavu: naweza kutumia 4H kama ninakwenda polepole?

Kwa kundi la kwanza, hapana. Mwendo haukuokoi, kwa sababu tatizo ni umbali wa njia, si kasi. Tena kona za polepole ndizo kali zaidi: kuegesha, kugeuza, kuzunguka kipilefti kidogo. Kona pana ya barabara kuu ina tofauti ndogo sana. Pikapu yetu ya swali la 1, ikigeuka robo duara lenye nusu kipenyo cha mita 50, mbele na nyuma zinapishana kama sentimita 14 tu.

Kundi la pili likiwa halijafungwa, na kundi la tatu, hayana shida.

6. Na lami ikiwa imelowa?

Lami iliyolowa bado inashika. Mvua haiigeuzi kuwa tope. Kwenye kona kali ya kugeuzia utasikia ubishi uleule, labda umepungua kidogo. Baki kwenye 2H na punguza mwendo.

Sehemu ya kuogopa ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi, vumbi na mafuta yaliyomwagika yanapochanganyika na maji. Hapo 4H haitakufanya ukate kona kwa kasi zaidi, wala kusimama mapema. Breki zako ni zilezile na matairi ni yaleyale manne. Mwenye fowili anaondoka haraka kwenye taa, kisha anashangaa anapofika kona inayofuata.

7. Naishi mlimani, barabara ni ya mawe yaliyopangwa. Niweke fowili?

Swali la Mwanza hasa. Barabara za mawe za vilima vyetu zina mwinuko mkali, kona zilizobana, na jiwe kavu linaloshika tairi vizuri sana. Ni mchanganyiko mbaya kuliko yote kwa fowili iliyofungwa: injini inakaza kwa nguvu huku shafti nazo zimekwisha kujikaza kwa sababu ya kona.

Jiwe likiwa kavu, panda kwa 2H gia namba moja. Gari lisilo na hitilafu litapanda. Kama matairi ya nyuma yanazunguka bure, mara nyingi ni kwa sababu pikapu ni tupu na nyuma imekuwa nyepesi. Mizigo kidogo juu ya ekseli ya nyuma itasaidia.

Mvua ikinyesha na udongo ukashuka kutoka kwenye viwanja vya juu, mawe yanapata utelezi na 4H inakuwa na maana. Iingize kabla ya kupanda, ukiwa umenyoosha usukani. Kwenye kona chukua njia pana kadiri barabara inavyoruhusu, na ukifika juu itoe hapohapo. Usingoje mpaka nyumbani, kwa sababu kuegesha uani juu ya sakafu ya saruji ni kona kali kuliko zote ulizopita.

Mwenye difu ya katikati aache difu wazi. Gari litapanda na kugeuka bila taabu.

8. Barabara ya changarawe je?

Changarawe iliyolegea ni mahali pazuri pa 4H. Kokoto zinaviringika chini ya tairi na kumeza ile tofauti ya mbele na nyuma, gari nalo linatulia, hasa kwenye ile mikunjo midogo inayotingisha mpaka meno. Kwenye barabara za vumbi za Misungwi au Kwimba, pikapu tupu ikiwa 2H hupenda kuchomoka nyuma kwenye kona. Ikiwa 4H tabia hiyo inapungua.

Inapungua, haiishi, na nyingine inazaliwa: mbele sasa inataka kwenda moja kwa moja. Ukiingia konani kwa kasi ukahisi gari halifuati usukani, usiongeze kuukata. Legeza mafuta taratibu, uzito urudi mbele, matairi yashike, halafu fuata kona.

Angalia pia kwamba kifusi chekundu kilichoshindiliwa na kukauka kinaweza kushika karibu sawa na lami. Usukani ndio utakaokuambia. Ukiwa mzito kwenye kona, toa fowili hata kama hujaiona lami.

9. Mchanga wa ufukweni na mialoni?

Hapa fowili haigombani na kona. Mchanga unateleza wa kutosha. Shida ya mchanga ni nyingine: tairi la mbele likikatwa sana halizunguki tu, linasukuma. Mchanga unajikusanya mbele yake mpaka unakuwa ukuta, na gari linazama likiwa limekunja magurudumu.

Kwa hiyo geuza kwa duara pana. Usisimame katikati ya kona. Ukisimama, nyoosha magurudumu kwanza, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, kisha anza upya. Ukifuata mwalo kuchukua dagaa, geuza gari lielekee kutokea kabla ya kupakia.

Kupunguza upepo kunasaidia kuliko kitu kingine chochote. Kutoka PSI 35 hadi kama 18, tairi linatanuka na kuelea juu ya mchanga. Lakini tairi lenye upepo mdogo likikatwa kona kali kwa kasi linaweza kuvuka kwenye ringi. Taratibu, na ujaze tena kabla ya kuingia lami.

10. Mbuga ikilowa, gari linakwenda moja kwa moja hata nikikata usukani. Nifanye nini?

Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Magu, Kwimba na kwingineko Usukumani, ukilowa unajaza mashimo yote ya kashata za tairi. Baada ya mita chache una matairi manne laini. Fowili inakusaidia kuendelea kwenda. Kugeuka ni habari nyingine kabisa, na ikiwa katikati imefungwa, nyuma inasukuma mbele moja kwa moja.

Kwanza, punguza mafuta kidogo bila kuyaachia ghafla. Pili, tikisa usukani kushoto na kulia kwa hatua ndogo, ili kingo za tairi zitafute udongo mgumu. Tatu, baki kwenye mgongo wa barabara, kwa sababu ukishuka pembeni mteremko mdogo tu unatosha kukupeleka mtaroni, ukiwa na fowili au bila.

Hatari kubwa ni makorongo ya magurudumu yaliyochimbwa na malori. Ndani ya korongo unaweza kuwa umekata usukani wote na gari likaendelea kunyooka. Unasahau. Kisha korongo linaisha, matairi yanapata ardhi, na gari linaruka upande uliokuwa umeelekeza. Kila baada ya mita chache hakikisha magurudumu yanatazama mbele. Ukishindwa kuhisi, toa kichwa dirishani uyaangalie.

## Vifungo, gia ndogo na habu

11. Difu loki ya nyuma inasaidia kwenye kona?

Hapana, inaharibu kona. Ikifungwa, matairi mawili ya nyuma yanazunguka sawa, hivyo yanasukuma gari linyooke. Ni kifaa cha kutokea shimoni au kuvuka mahali tairi moja limening'inia. Funga, toka ukiwa umenyooka, fungua. Ya mbele ni kali zaidi: usukani unaweza kukataa kabisa.

Difu ya katikati kufungwa si sawa na hii. Hiyo inakufikisha tu kwenye hali ya swali la 1.

12. 4L ni ya nini basi?

Ni ya nguvu nyingi kwa mwendo mdogo: kuvuta boti kutoka majini, kushuka kilima chenye utelezi bila kutegemea breki, kuvuka mawe. Kwenye pikapu nyingi 4L lazima ije na fowili iliyofungwa, kwa hiyo yote yaliyosemwa kuhusu kona yanahusika, na yanazidi, kwa kuwa nguvu inayokaza shafti imeongezeka.

13. Gari langu lina habu za kufunga kwa mkono. Zinabadilisha nini?

Habu ni kifungo kilicho katikati ya gurudumu la mbele. Ikiwa FREE, gurudumu hilo linazunguka peke yake. Hata ukiweka 4H, mbele haivuti. Ikiwa LOCK na gia iko 2H, shafti za mbele zinazunguka bure tu na kona haina shida. Kwa hiyo siku ya mvua funga habu asubuhi ukiwa bado msafi, kisha tumia gia kuingiza na kutoa. Kushuka kufunga habu ukiwa umezama tope hadi magotini ni adhabu ya kujitakia.

## Maswali ya pembeni

14. Nimesahau kutoa 4H tangu mbugani Sengerema, nimevuka daraja la Kigongo–Busisi mpaka Usagara. Nimeua gari?

Pengine hapana. Barabara iliyonyooka inasamehe. Lakini haisamehi yote: matairi ya mbele na nyuma yakipishana kipenyo kwa sentimita 1 tu, kwenye tairi la kawaida la pikapu kila kilomita inaacha tofauti ya takriban mita 13 ambayo shafti zinalazimishwa kuibeba au tairi kuisaga. Toa, kisha sikiliza kama kuna mlio mpya mbele au kwenye transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma). Angalia pia oili ya transfa.

15. Nataka kutoa fowili, gia imekataa.

Shafti zimejikaza. Usiipige teke. Rudi nyuma ukiwa umenyooka mita chache, mzigo ulegee, kisha jaribu tena. Ikigoma, weka magurudumu ya upande mmoja kwenye vumbi pembeni ya lami na utembee kidogo. Ikigoma bado, pandisha gurudumu moja kwa jeki kwenye tambarare, magurudumu mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Likiinuka litajizungusha lenyewe kwa ghafla, kwa hiyo mikono iwe mbali.

16. Forester yangu inajishika ninapoegesha, na sijagusa kitu.

Anza na matairi. Kundi la tatu halipendi tairi mbili mpya na mbili zilizoisha, wala tairi la akiba dogo. Yakiwa sawa yote manne, na upepo ukiwa sawa, mshukiwa ni klachi ya nyuma au kile kifaa cha kimiminika.

Jaribio lake ni rahisi: kwenye lami tambarare, kata usukani wote, achia gari litambae. Likijisimamisha lenyewe, lina tatizo. Subaru nyingi za zamani za otomatiki zina tundu la fyuzi lililoandikwa FWD. Ukiweka fyuzi humo, nyuma inaachiwa. Dalili ikipotea, fundi sasa anajua pa kuanzia. Ni kipimo, si matengenezo.

17. Kupanda kivukoni: fowili au la?

Kama njia ya kushukia ni ya mchanga au tope, weka 4H na upande umenyooka. Ukishakuwa juu ya chuma na mpanga magari anakuonyesha ukunje huku na huku ndani ya nafasi finyu, uwe umekwisha kuitoa. Bati lenye nundu likiwa kavu linashika, na hapo unarudi swali la 1. Likiwa na maji na magamba ya samaki halishiki hata kidogo, na hapo kinachohitajika ni mguu mwepesi.

18. Nimefunga habu moja, nyingine imekwama FREE. Inavuta nusu?

Haivuti kabisa. Difu ya mbele ikiwa wazi, nguvu yote inakimbilia upande uliolegea na shafti inazunguka bure. Taa ya fowili itawaka, kona za lami zitakuwa nyepesi, na mbugani utakwama ukiapa kwamba fowili imo.